Keria ya gari la porini: tazama miguu kwanza

Kila mwaka mvua zikishakatika hapa Dodoma na vumbi likaanza kutimka, wateja wa keria, ile fremu ya kubebea mizigo juu ya paa la gari, huanza kuingia karakana kwetu Kizota. Karibu wote huanza kwa kunionyesha picha kwenye simu. "Fundi, nataka kama hii." Pichani huwa kuna gari la watalii, keria imetanda kuanzia juu ya kioo cha mbele hadi mlango wa nyuma, na juu yake madumu, koleo, tairi mbili na hema. Naitazama vizuri, kisha nauliza maswali mawili: paa la gari lako lina gata, yaani ule mfereji wa mvua unaopita pembeni mwa paa? Na unataka kubeba kilo ngapi? La kwanza wengi wanalijibu. La pili linawakwamisha, na hilo ndilo linaloamua kila kitu kingine.

Nimelipa ada ya somo hili. Miaka ya mwanzo ya kazi nilitengeneza keria ya hardtop, yaani Land Cruiser ya milango miwili mbele na milango ya kabati nyuma. Mwenye gari alitaka sakafu ya bati zima ili asimame juu kupiga picha. Nikamwekea bati la milimita 2, nikalifunga kwa miguu minne, zile nguzo fupi zinazoikalisha keria juu ya gata, miwili kila upande. Ilipendeza mno. Akaenda Itigi, akashuka na ile barabara ya Rungwa, akarudi baada ya wiki mbili na gata ya kulia imechanika kwa urefu wa kiganja, maji yanaingia hadi kwenye kiti. Keria yenyewe haikuwa na hata alama. Nilikuwa nimetengeneza chuma kigumu kikakaa juu ya paa laini, na kilichokuwa laini ndicho kilichokubali kushindwa.

Tangu siku hiyo mtu akiniletea keria ya dukani anitake maoni, naigeuza chali kabla ya kitu chochote. Naangalia miguu.

Kwenye Land Cruiser za mfululizo wa 70, zilizoanza kutengenezwa 1984 na ambazo bado tunaziona kila kona ya mji huu, gata ipo, na ni mahali ambapo mabati ya paa na ya ubavu yanakutana na kuungwa pamoja. Ndiyo maana inaweza kubeba. Katikati ya paa kuna bati jembamba lisilofika hata milimita moja, ukilibonyeza kwa kiganja linabonyea. Kwa hiyo mzigo wote lazima ushuke kwenye gata, na usishuke kwa nukta mbili tatu bali usambae. Chukua kilo 120, keria na mzigo pamoja. Kwa miguu minne kila mmoja unabeba kilo 30. Kwa miguu minane ni kilo 15. Sasa liingize gari kwenye barabara ya vumbi iliyojikunja kama mgongo wa bati, ambako kila mruko unaushukia mguu kwa uzito mara mbili au zaidi, tena maelfu ya mara kabla ya jioni. Chuma hakichaniki kwa pigo moja. Kinachoka kwanza, kinaweka ufa mwembamba kama unywele, kisha ufa unatembea.

Kwa hardtop ndefu mimi sishuki chini ya miguu minane. Unyayo wa kila mguu nauweka mrefu, sentimita 10 hadi 15, na ndani yake raba ngumu. Chini ya gata kinakuja kibanio cha chuma kinachokumbatia ukingo wake. Mguu unaokanyaga gata kwa ncha ya bolti tu usiununue, hata kama keria imepakwa rangi nzuri kiasi gani.

Sasa tuje kwenye kilo, maana hapa ndipo watu wanadanganyana. Keria ni mzigo kabla hujapakia chochote. Tuseme tunatengeneza ya mita 2.4 kwa mita 1.3, yenye fremu ya chini, reli ya juu, na nguzo saba za kukatiza. Ukijumlisha vipande vyote unapata kama mita 25 za bomba. Skwea, yaani bomba la pembe nne, ya milimita 25 yenye unene wa milimita 1.5 ina uzito wa kama kilo 1.1 kwa mita, kwa hiyo hapo ni kilo 28. Ukipanda hadi unene wa milimita 2 unafika kilo 36 hivi. Ukishikilia milimita 3, kama wengi wanavyong'ang'ania kwa kuogopa itapinda, umevuka kilo 50 na bado hujaweka miguu. Na lile bati langu la milimita 2? Mita za mraba tatu na ushee, karibu kilo 49 peke yake. Yaani nilimbebesha yule bwana mtu mzima mwembamba juu ya paa, safari nzima, bila faida yoyote. Leo sakafu naiweka kwa flatibaa, yaani vyuma bapa vyembamba, zilizoachana. Upepo unapita, vumbi halitulii, na kamba inapata mahali pa kushika.

Kisha andika mzigo wako kwenye karatasi. Juzi nilifanya hivyo na mzee mmoja aliyekuwa anajiandaa kwenda Ruaha na familia. Madumu mawili ya chuma ya dizeli, lita 20 kila moja: dizeli ni nyepesi kidogo kuliko maji, ila ukiweka na dumu lenyewe ni kama kilo 21, hivyo 42. Dumu moja la maji, 21. Tairi ya akiba ya pili na rimu yake ya chuma, kama 35. Jeki ndefu ya porini, 13. Hema la juu ya gari, 60. Jumla kilo 171, na keria ya kilo 45 inafanya 216. Alinyamaza, akavua miwani.

Tukaanza kushusha. Hardtop yake ni ya tanki mbili, lita 90 kila moja. Kutoka hapa hadi Iringa ni kama kilomita 260, na kutoka Iringa mjini hadi geti la hifadhi ni zaidi ya 100. Gari lile likinywa lita 15 kwa kilomita 100, lita 180 zinamfikisha kilomita 1,200. Madumu ya dizeli ya nini? Maji yakashuka sakafuni nyuma ya viti vya mbele, yakafungwa. Tairi ya pili ikahamia mlango wa nyuma. Juu likabaki hema na jeki. Nilipomaliza aliniambia, "Kumbe nilikuwa nabeba woga." Nimelikumbuka neno lile mara nyingi.

Kikomo changu mwenyewe kwa hardtop inayokwenda rafu rodi ni kilo 150 na keria ndani yake, na nafurahi zaidi ikibaki 120. Kwa magari mengi ya kisasa, Prado na wenzake, kitabu cha gari hutaja kati ya kilo 75 na 100 kwa mzigo wote wa paa. Soma kitabu cha gari lako, si cha jirani. Ukiwa na 80 na keria ikala 40, umebakiwa na mikoba ya nguo. Na ujue kikomo hicho ni cha gari linalotembea. Likiwa limeegeshwa, paa linabeba zaidi, ndiyo maana watu wawili wanaweza kulala kwenye hema juu yake bila madhara.

Uzito wa juu haukuumizi paa peke yake. Gari refu likibebeshwa kichwani linayumba kwenye kona, na ukikwepa mbuzi ghafla unaweza kujikuta ubavuni. Upepo nao una hesabu yake: ukitoka mwendo wa 80 ukafika 110, nguvu ya upepo inakaribia kuongezeka maradufu. Anayeenda Singida miezi ya kiangazi, upepo wa ukanda huu ukimpiga ubavuni, analijua hilo bila mimi kumweleza. Ndiyo maana naipenda keria fupi, ya theluthi mbili ya paa, iliyokaa chini, sentimita chache tu juu ya bati. Matawi ya migunga nayo hayainasi ovyo.

Chuma au aluminiamu? Aluminiamu ina uzito wa kama theluthi moja ya chuma, na keria nzuri ya aluminiamu ni ile iliyounganishwa kwa bolti na reli za kuteleza. Ikilegea unakaza. Ile ya kuchomelea naiogopa, kwa sababu mahali palipopata moto pamepoteza sehemu kubwa ya ugumu wake, na mtikisiko wa barabara zetu unapatafuta hapo hapo. Ikivunjika Rungwa nani ataichomelea? Chuma kila kijiji chenye jenereta kuna kijana wa kukiunganisha. Kwa anayeishi kwenye lami na kutoka mara mbili kwa mwaka, aluminiamu. Kwa anayefanya kazi porini, skwea ya chuma ya milimita 1.5, na pembe zilizotiwa vibao vya pembetatu.

Neno moja kwa vijana wenzangu wa karakana. Bomba la galvanaizi lisage mpaka ile rangi ya zinki iondoke pale unapochoma, na choma mahali penye hewa. Moshi ule mweupe unaleta homa usiku, na maziwa tunayoambiana tunywe hayazuii.

Land Rover Defender za zamani zina gata pia, lakini paa lao ni la aluminiamu. Chuma kikigusana nalo pakiwa na unyevu, aluminiamu huliwa taratibu, kwa hiyo raba chini ya unyayo ni lazima. Prado za reli ndefu juu ya paa zinafungwa kwenye reli, ila tikisa reli kwa mkono kwanza, maana nyingine ni pambo. Gari lisilo na gata wala reli linatobolewa, na hapo naomba tuwe na hofu ya Mungu. Magari mengi ya siku hizi yana mifuko ya hewa iliyokunjwa ndani ya dari, pembeni kabisa, juu ya madirisha. Drili ikiupata mfuko huo, siku ya ajali hautafunguka inavyotakiwa. Shusha dari la ndani uone, ndipo utoboe. Tundu lisafishwe makali, lipakwe rangi ya kuzuia kutu, liwekwe silikoni, na kwa ndani pakae kibao cha kusambaza nguvu.

Pikapu za kabini mbili nazitaja kwa sababu kosa lake naliona kila mwezi: keria moja ndefu iliyofungwa kwenye paa la kabini na kwenye bodi la nyuma kwa pamoja. Kabini na bodi ni vitu viwili vilivyokaa juu ya chasisi moja, na gari likivuka korongo kila kimoja kinajipinda kivyake. Keria inayowaunganisha inavutwa huku na huku hadi ing'oe kitu. Tengeneza mbili, acha pengo kati yake.

Kazi ya kufunga ni ya nusu siku. Mimi huchomelea kila kitu chini, mbali na gari. Cheche za grainda zikirukia kioo zinaganda humo na hazitoki tena, na unga wa chuma ukibaki kwenye rangi unaota kutu mvua ya kwanza. Osha gata kwa brashi na maji, kausha, kisha weka miguu yote bila kukaza. Tazama keria imekaa katikati, milango yote inafunguka, ngazi ya nyuma haijafungwa kwenye mlango na kwenye keria kwa pamoja. Ndipo unakaza kidogo kidogo, kulia na kushoto kwa kupishana, ukitumia nati zenye naironi ndani. Ukikaza kwa hasira unaikunja gata, na iliyokunjwa hairudi.

Kwenye kufunga mzigo, mpira wa tyubu ni mzuri kwa godoro. Kwa kitu kizito unanyumbulika, mzigo unaruka na kutua, unaruka na kutua. Tumia mikanda ya racheti, na kizito kikae katikati ya ekseli mbili, si nyuma kabisa.

Gari likitoka kwangu namwambia dereva akaze tena safari ya kwanza. Anayeelekea Morogoro asimame Kibaigwa, wa Singida asimame Manyoni, wa Kondoa asimame kabla ya kuacha lami kwenda kuona michoro ya miambani ya Kolo. Na mwezi wa kumi na moja, kabla ya mvua, keria ishuke yote. Vumbi linaloingia kati ya raba na gata linasaga rangi kama msasa, na kutu inasubiri hapo.

Ili asihitaji spana kila mara, nachora mstari mweupe wa rangi unaopita juu ya nati na kuendelea hadi kwenye mguu. Asubuhi, kabla ya kuwasha, anazunguka gari mara moja akitazama mistari minane. Uliokatika, nati yake imetembea.