Namba ya 6A Haitaji Ndege

Wakusanyaji wengi wa vifaa vya ndege za zamani huamini kwamba kipimo cha mwinuko (kifaa kinachomwonyesha rubani yuko juu kiasi gani) chenye alama ya taji, herufi AM na namba inayoanza na 6A lazima kilitoka kwenye Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza ya Vita vya Pili vya Dunia. Sivyo. AM ni Air Ministry, iliyokuwa Wizara ya Anga ya Uingereza, na 6A lilikuwa fungu la vifaa vya ndege katika orodha ya bohari zake; tarakimu zinazofuata hutambulisha aina ya kifaa, si ndege kilimofungwa. Paneli ileile ya vipimo sita vya urukaji ilitumika katika Spitfire, katika ndege nyingine ya kivita, Hurricane, na hata katika Lancaster, ndege kubwa ya kudondosha mabomu, na fundi aliweza kuhamisha kipimo kutoka ndege moja hadi nyingine. Anayeuza kwa jina la Spitfire adaiwe hati za matengenezo.