Macho ya mapacha: asilimia 85 si hukumu

"Mapacha wa kufanana wana macho yaleyale." Rangi, ndiyo. Lakini ukiikuza picha ya ile duara ya rangi inayozunguka mboni, utaona nyuzi, mikunjo na vishimo ambavyo kila jicho limejipangia. John Daugman wa Cambridge, aliyebuni mbinu ya kompyuta kumtambua mtu kwa jicho lake, alikuta mpangilio huo kwa mapacha wa kufanana unatofautiana kama wa watu wasio na udugu wowote. Hata jicho lako la kushoto halilingani na la kulia.

"Watafiti wa urithi wa macho huhitaji mapacha wa kufanana tu." Huwahitaji pia wasiofanana. Kulwa na Doto wa yai moja wana vinasaba vilevile; wa mayai mawili wanachangia nusu hivi, kama ndugu wengine. Wote wamelelewa nyumba moja. Basi kama namba za miwani za wale wa kwanza zinakaribiana zaidi, ziada hiyo inaonyesha mkono wa vinasaba. Mjerumani Walter Jablonski alilinganisha macho ya mapacha hivyo tangu 1922.

"Kutoona mbali ni urithi, hakuna la kufanya." Hii ndiyo inayoniuma, maana huwafanya wazazi wakate tamaa mapema. Mwaka 2001 Christopher Hammond na wenzake wa London walichapisha vipimo vya jozi 506 za mapacha wa miaka 49 hadi 79, wakakadiria urithi wa kutoona mbali au karibu kuwa asilimia 84 hadi 86. Wengi wakasoma kwamba asilimia 85 ya tatizo la mtu mmoja imetoka kwa wazazi. Sivyo. Namba hiyo hueleza kwa nini watu wa kundi lile, waliokulia mazingira yanayokaribiana, walitofautiana wao kwa wao. Haisemi chochote kuhusu mazingira yakibadilika.

Na yakibadilishwa? Huko Guangzhou, China, watoto wa darasa la kwanza katika baadhi ya shule waliongezewa kipindi cha dakika 40 nje kila siku ya masomo. Baada ya miaka mitatu, asilimia 30.4 walikuwa wamepata tatizo la kutoona mbali. Katika shule zilizoendelea na ratiba ya kawaida, asilimia 39.5. Matokeo yalichapishwa 2015. Hakuna mtoto aliyebadilishiwa wazazi. Kilichoongezwa ni mwanga wa mchana.