Kufunga shule si dawa ya kipindupindu

Fununu ya kipindupindu ikiingia shule ya bweni hapa Nairobi, wazazi hupiga simu mfululizo: "Fungeni shule, watoto warudi nyumbani!" Naielewa hofu hiyo, nami ni mzazi. Lakini imani kwamba kuwatawanya watoto ndiyo kinga imekaa nasi muda mrefu mno, na ni ya hatari.

Dalili za kipindupindu hujitokeza kati ya saa chache na siku 5 baada ya vimelea kuingia mwilini. Wengi walioambukizwa hawaugui kabisa, ilhali choo chao kina vimelea hivyo. Mtoto wa namna hiyo akipanda basi la usiku leo, kesho anatumia choo kimoja na nyanya yake kijijini, mbali na hospitali.

Mwaka 2020 shule zilifungwa kwa ajili ya Korona, ndiyo, lakini ule ulikuwa ugonjwa wa pumzi. Huu hupitia maji na chakula, na huzuiwa pale pale shuleni: wagonjwa watengwe na kutibiwa, maafisa wa afya wa kaunti waarifiwe siku hiyo hiyo, maji ya tangi yatiwe klorini. Mtungi wenye mfereji na sabuni uwekwe mlangoni mwa choo. Beseni moja la darasa zima halifai. Wa mwisho ananawa uchafu wa wenzake.

Anayehara asinyimwe maji. Kama hakuna pakiti za chumvichumvi, koroga lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, anywe akiwa njiani kwenda hospitali.