Kabla hujavunja ukuta: dhana potofu kuhusu chumba cha sinema nyumbani

Rafiki yangu mmoja alitumia miezi minane kutengeneza chumba cha sinema ghorofani kwake. Viti vinavyoinua miguu, skrini inayoshuka kwa rimoti, spika tisa. Siku ya uzinduzi tuliingia watu saba, tukatoka usiku wa manane tukiongea kwa sauti kama waliotoka harusini. Mwaka uliofuata nilipopita kumsalimia, nilikuta humo magodoro mawili yamesimamishwa mbele ya skrini, na ubao wa kupigia pasi pembeni. Mwenye nyumba alikuwa sebuleni anaangalia mpira kwenye runinga. Nikamuuliza kulikoni. "Kule mpaka nipande ngazi, niwashe vitu vinne, nisubiri vipate moto. Hapa nakaa tu."

Sisemi chumba cha namna hiyo hakifai. Nimeshaketi katika viwili vitatu vilivyotengenezwa na watu wanaojua, nikarudi nyumbani nikaiona sebule yangu imepwaya. Ila wengi huingia kwenye ujenzi wakihesabu inchi na wati, wakati anachonunua mtu kwa kujenga chumba ni giza na utulivu. Vifaa unaweza kuviweka popote, lakini giza na utulivu haviuzwi dukani. Mengi ya yanayosemwa vibaya kuhusu jambo hili huanzia hapo.

"Sebuleni huwezi kupata picha ya ukubwa wa sinema"

Jicho halijui inchi, linajua pembe. Mwongozo wa SMPTE, chama cha wahandisi wa filamu na televisheni, unataka picha ijaze angalau nyuzi 30 za uwanja wa macho. THX, kampuni inayothibitisha ubora wa picha na sauti za sinema, hupendekeza karibu nyuzi 40. Runinga ya inchi 65 ina upana wa takriban mita 1.44. Ukikaa mita 2.7 kutoka kwake unapata nyuzi 30, na ukisogea hadi mita 2 unapata 40. Lakini angalia sebule nyingi: sofa imegandishwa kwenye ukuta wa nyuma, mita 4 kutoka kwenye runinga, na hapo picha inabaki nyuzi 20 tu. Mtu anaketi huko, anaona picha ndogo, anahitimisha kwamba anahitaji chumba. Anachohitaji kwanza ni kusogeza sofa, na hiyo ni bure.

Umbali huohuo ndio unaomeza ubora wa 4K, yaani picha yenye nukta (pikseli) kama milioni nane. Jicho lenye afya hutenganisha vitu vilivyoachana kwa dakika moja ya pembe hivi, yaani moja ya sitini ya nyuzi moja. Kwenye runinga ya inchi 65, pikseli za 4K hazifikii hata nusu milimita kila moja, na ukivuka mita 1.3 jicho haliwezi tena kuzitenganisha. Aliye mita 4 amelipia pikseli milioni nane, na anaona kilekile ambacho pikseli milioni mbili zingemwonyesha.

Skrini ya projekta hushinda pale wanapokaa watu watano au sita na wote wanataka picha pana, hata wa safu ya nyuma. Kwa mtu mmoja au wawili, runinga nzuri na kiti kilichosogezwa hukufikisha mbali kuliko unavyodhani.

"Nunua projekta yenye lumeni nyingi, giza si lazima"

Hii ndiyo dhana iliyowaumiza wengi, na hesabu yake ni rahisi. Projekta hutoa mwanga (lumeni ndicho kipimo chake), haitoi weusi. Sehemu nyeusi ya picha ni sehemu ambayo projekta imeacha kuangaza, na skrini yenyewe ni nyeupe. Kwa hiyo weusi wako utakuwa vile skrini inavyoonekana projekta ikiwa imezimwa. Huwezi kushuka chini ya hapo, uwe na mashine ya bei gani.

Chukua skrini ya upana wa mita 2.2, kimo mita 1.24. Kiwango cha sinema za kidijitali kwa weupe kamili ni kandela 48 kwa mita ya mraba, kipimo cha mng'ao ambao jicho linauona kwenye skrini. Kwenye skrini hiyo, ikiwa ni nyeupe ya kawaida isiyokuza mwanga, zinatosha lumeni kama 410 zinazofika kwenye kitambaa. Ndiyo, mia nne na kumi. Gizani, projekta ya kawaida kabisa ina mwanga wa kutosha na wa kubakiza.

Sasa washa taa moja ya pembeni, imwage laksi 50 (kipimo cha mwanga unaoangukia kitu) juu ya skrini. Weusi unapanda hadi kandela 16, weupe unakuwa 64. Uwiano ni nne kwa moja. Picha inapauka kama shati jeusi lililoanikwa juani mwaka mzima. Ongeza nguvu ya projekta maradufu, uwiano unafika saba kwa moja. Ongeza mara nne, kumi na tatu kwa moja. Zima ile taa, na projekta ndogo ya mwanzo inazipita zote.

Kuna jaribio lisilo na gharama. Usiku, saa ile mnayotazama kwa kawaida, bandika karatasi nyeupe mahali skrini itakapokaa. Zima taa, kaa kimya dakika tano macho yazoee. Ukiendelea kuiona karatasi waziwazi, basi hiyo ndiyo rangi ya usiku katika kila filamu utakayotazama humo. Tazama pia inakotoka nuru: mwanya wa pazia, taa ya kifaa fulani, mwanga chini ya mlango.

Hata kuta zina neno. Dari jeupe na kuta za rangi ya maziwa hupokea mwanga wa picha na kuurudisha kwenye skrini, hivyo tukio lenye anga angavu upande mmoja linaharibu kivuli upande wa pili. Rangi ya giza isiyong'aa, hasa kwenye dari na kuta zilizo karibu na skrini, hufanya kazi kuliko kubadilisha projekta. Kama nyumba yenu haiwezi kuvumilia giza, kwa sababu kuna watoto wanaocheza, mtu anayesoma, au mazungumzo yasiyokwisha, chukua runinga na usijilaumu.

"Sponji ukutani huzuia sauti isitoke nje"

Rafiki yangu yule alibandika sponji kuta tatu. Usiku wa kwanza mama yake, anayelala chumba cha chini, alipanda ngazi na kugonga. "Mwanangu, hiyo ngoma inapigwa wapi?" "Ni filamu, mama." Mama akasema maneno hasikii, ngoma tu ndiyo inamwingia kifuani.

Mama alieleza fizikia bila kujua. Sponji hunyonya mwangwi ndani ya chumba, hasa sauti za kati na nyembamba, lakini haizuii sauti kupita. Ni nyepesi mno. Besi ya hezi 40 ina wimbi la urefu wa mita 8 na nusu, na sponji ya sentimita 5 kwake ni kama chandarua mbele ya upepo. Kinachozuia sauti ni uzito wa ukuta, kuutenganisha na jengo lililobaki ili mtikisiko usisafiri kupitia sakafu na nguzo, na kuziba kila upenyo.

Upenyo ndio wanaousahau. Mlango wa upana wa sentimita 90 na kimo cha mita 2, wenye nafasi ya sentimita 2 chini, una tundu la asilimia moja ya eneo lake. Asilimia moja tu. Hata uwe wa chuma kizito, hautapunguza sauti kwa zaidi ya desibeli 20 hivi, kwa sababu ile moja ya mia inapita bila kizuizi. Filamu ikipigwa kwa kiwango rasmi cha sinema, kilele cha sauti kwa kila spika kuu hufika desibeli 105. Toa 20, halafu fikiria anayelala upande wa pili.

Kazi hii ni nafuu nyumba ikiwa bado inajengwa, na ni ghali na ya vumbi ikishapigwa plasta. Ukiambiwa itamalizwa kwa sponji na gundi, muulize fundi atafanya nini na mlango.

"Chumba maalumu kina sauti nzuri kuliko sebule"

Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard kilimpa kijana wa fizikia, Wallace Clement Sabine, ukumbi wa mihadhara ambao hakuna aliyeelewa kinachosemwa humo. Neno moja liliendelea kusikika kwa zaidi ya sekunde 5. Sabine aliingiza mito ya viti vya ukumbi mwingine, usiku baada ya usiku, akipima jinsi mwangwi unavyofupika kila mito inapoongezeka. Kutokana na kazi hiyo alipata kanuni ambayo wahandisi wa sauti wanaitumia mpaka leo, na ushauri wake ukaingia kwenye Symphony Hall ya Boston iliyofunguliwa mwaka 1900.

Sasa linganisha. Sebule ina sofa, zulia, mapazia mazito, kabati la vitabu. Chumba kipya kina kuta nne tupu na sakafu ya vigae. Piga kofi moja katikati yake usikie inavyolia. Sebule yako imeshabebewa mito ya Sabine.

Balaa jingine ni umbo. Kila urefu wa chumba una besi yake inayojijaza: mita 4 huamsha hezi 43. Chumba cha mita 4 kwa 4 kinaiamsha mara mbili mahali pamoja, na hapo noti moja inavuma huku ya jirani yake ikipotea. Kaa katikati kabisa ya chumba hicho na noti hiyohiyo inakukimbia, nenda kwenye kona inakugonga. Wengi hununua sabufa (spika ya besi) kubwa zaidi kutibu ugonjwa huu, wakati kusogeza kiti nusu mita kungetosha. Kama bado una uhuru wa kuchora, usikubali mraba.

"Spika nyingi, wati nyingi"

Kwa ufupi: sehemu kubwa ya mazungumzo ya filamu hutoka spika ya katikati, kwa hiyo hapo ndipo pesa iende kwanza. Kuongeza wati maradufu huongeza desibeli 3 tu, na ili sikio lione sauti imekuwa mara mbili unahitaji wati mara kumi. Spika za pembeni, kwa mpangilio wa kawaida wa 5.1 (spika tano na sabufa moja), zinatakiwa kukaa nyuzi kama 110 kutoka mbele, yaani nyuma kidogo ya masikio. Kiti kikigusa ukuta wa nyuma, hazina pa kukaa. Atmos, mfumo wa Dolby unaoleta sauti hata kutoka juu, ulioingia kumbi za sinema mwaka 2012, ni tamu, lakini juu ya msingi mbovu inaongeza tu idadi ya vitu vya kusikika vibaya.

"Kinaongeza thamani ya nyumba"

Kwa mnunuzi anayekitaka. Kwa mwingine ni chumba cheusi kisicho na dirisha ambacho atalazimika kukirudisha kuwa cha kulala. Usizibe dirisha kwa matofali ikiwa pazia zito au ubao wa kutoa na kuweka vinatosha.

"Gharama ni vifaa"

Mtu aliyeketi hutoa joto la karibu wati 100. Watu sita, projekta ya wati 300, risiva inayoendesha spika juu yake: umeshawasha hita ya karibu kilowati moja ndani ya chumba ulichokiziba kwa bidii ili hata sauti isitoke. Bila njia ya hewa, nusu saa ya pili watu wanaanza kutoka "kunywa maji". Na kiyoyozi kinachovuma juu ya kichwa kinafuta zile sehemu za kimya ulizolipia. Hewa, waya, milango na rangi ndivyo vinavyokula bajeti. Pitisha mabomba ya waya ukutani kabla ya plasta, mapana kuliko unavyohitaji, kwa sababu waya wa leo hautafaa miaka kumi ijayo, na waya uliofukiwa hautoki bila nyundo.

Mimi ningejenga kwa sharti moja: niwe tayari natazama filamu nzima, bila simu, angalau mara mbili kwa wiki, sebuleni, na kila mara nikikwazwa na mwanga au na watu waliolala. Andika kwa mwezi mmoja kila mara ulipokwazwa, na kilichokukwaza. Wengi watakuta ni sofa. Wachache watakuta ni nyumba yenyewe, na hao wachore.

Rafiki yangu hatimaye aliziba mwanya wa chini ya mlango wa chumba chake. Magodoro yameondoka, filamu bado ni za kubahatisha. Lakini kila alasiri mama yake hupanda ngazi taratibu, hushusha kiti kimoja na kulala saa nzima. Anasema nyumba nzima hakuna chumba chenye giza na utulivu kama kile.