Je, wajua? Familia ya Kiafrika iliyokamatwa kwa kwenda ibada ya Jumapili

Mtu anaweza kusali chumbani kwake, na Mungu akamsikia. Kwa nini basi familia za Kikristo hujihimu kila Jumapili, mvua inyeshe jua liwake, kwenda kusali pamoja na wengine? Jibu zito kuliko yote niyajuayo lilitolewa hapa hapa Afrika, mwaka 304.

Mwaka mmoja kabla, Kaisari Diocletian alikuwa amepiga marufuku mikutano ya Wakristo katika dola ya Roma, na kuamuru makanisa yabomolewe na Maandiko yachomwe moto. Katika mji mdogo wa Abitinae, kwenye nchi ambayo leo ni Tunisia, askofu mwenyewe aliyasalimisha Maandiko. Waumini wake hawakukoma. Waliendelea kukutana Jumapili majumbani, mpaka siku walipovamiwa wakiwa ibadani. Watu 49 walipelekwa Carthage kuhukumiwa na liwali Anulinus.

Miongoni mwao alikuwamo padri Saturninus na watoto wake wanne. Wawili, Saturninus mdogo na Felix, walikuwa wasomaji wa Maandiko. Maria alikuwa amejiweka wakfu kwa Mungu. Na Hilarianus alikuwa bado mtoto mdogo.

Emeritus, ambaye ibada ilifanyika nyumbani kwake, aliulizwa kwa nini aliwafungulia mlango watu hao kinyume cha amri ya Kaisari. Akasema ni ndugu zake, asingeweza kuwazuia. Liwali akashikilia kwamba alipaswa kuwazuia. Emeritus akajibu kwamba bila *dominicum* hawawezi. Neno hilo la Kilatini kwa Wakristo wale lilibeba Siku ya Bwana na Meza ya Bwana kwa pamoja. Hakusema ibada inawafaa au inawapendeza. Alisema bila hiyo hawawezi.

Ikafika zamu ya Hilarianus. Liwali alidhani mtoto atatishika, akamwambia atamkata nywele, pua na masikio. Mtoto akajibu kwamba yeye ni Mkristo, na kwamba alikwenda ibadani kwa hiari yake, pamoja na baba yake na ndugu zake.

Hapo kwenye "pamoja na baba yake na ndugu zake" ndipo ninaposimama kila nikiisoma habari hii. Ujasiri ule haukuzuka siku ya hukumu. Mtoto yule alikuwa amekwenda na nduguze Jumapili baada ya Jumapili, akamsikia kaka akisoma na kumwona baba akiongoza sala, hata imani ya nyumbani kwao ikawa yake mwenyewe. Mahubiri ya siku moja hayawezi kumpa mtoto kitu hicho.

Mama yangu alikuwa akifika kwenye benchi anafungua pindo la kanga, anatoa sarafu, anatugawia mmoja mmoja. Sadaka ilipopitishwa, mdogo wetu aliyekuwa hajajua hata kuhesabu alinyoosha mkono kama sisi. Nyimbo alizijua kwa moyo kabla hajajua kusoma. Hakuna aliyemfundisha, alikuwapo tu, kila wiki.

Na lugha yetu yenyewe inalitambua jambo hili. Neno "kanisa" limetufikia kutoka Kiarabu, nacho kililipokea kutoka Kiaramu, ambako maana yake ni mkusanyiko. Kabla ya kuwa jengo lilikuwa watu waliokutana. Tayari Waraka kwa Waebrania, sura ya 10, unawasihi waumini wasiache kukusanyika, kwa sababu wengine walikuwa wameanza kuzoea kutokuja.

Watu wanaokutana kila wiki hujuana kwa nafasi zao. Wiki tuliyokosa kwa sababu ya homa ya mdogo wetu, Jumatatu jioni mama wawili wa jumuiya walibisha hodi wakiwa na uji kwenye chupa ya chai. "Jana benchi lenu lilikuwa tupu," wakasema, "tukajua kuna jambo."