Sheria haijaitaja dini yako, lakini wewe ndo unalengwa

Watu wengi wanaokuja kutuuliza kuhusu uhuru wa dini wanadhani ubaguzi wa kisheria lazima uwe umeandikwa wazi, yaani sheria iseme kabisa dini fulani marufuku. Zamani ilikuwa hivyo kweli. Trinidad, kisiwa cha Karibiani, enzi za Muingereza, Novemba 1917 walipitisha sheria ya kuwapiga marufuku Wabatisti wa Kiroho, wao waliwaita Shouters, "wapiga kelele". Wale ni Wakristo weusi ambao ibada yao imebeba Afrika ndani yake, wanafunga vilemba vyeupe, wanapiga kengele, wanashika mishumaa, roho ikishuka mwili unatikisika, basi kwa hilo tu polisi wakaruhusiwa kuingia nyumba ya mtu mchana au usiku bila hati yoyote. Sheria ile ilikuja kufutwa tarehe 30 Machi 1951, na leo siku hiyo ni sikukuu ya taifa kule.

Siku hizi ubaguzi unapitia kwenye sheria ndogo za halmashauri: afya, usafi, kelele, ukatili kwa wanyama. Kesi inayoonyesha hili vizuri kuliko zote ni ya mji wa Hialeah, Florida, Marekani.

Kuna dini inaitwa Lukumi, wengi wanaijua kama Santeria. Wayoruba waliopelekwa utumwani Cuba walikwenda na orisha zao, yaani miungu wanaowaabudu, na kwa sababu walikatazwa kuziabudu wakazificha nyuma ya watakatifu wa Kikatoliki. Wacuba walipohamia Florida baada ya mapinduzi ya 1959 dini ikaenda nao. Katika ibada zake kuna kuchinja, kuku, njiwa, mbuzi, kondoo, mtoto akizaliwa, watu wakioana, mgonjwa akiombewa, na mara nyingi nyama inapikwa na kuliwa. Mwaka 1987 kanisa lao, likiongozwa na Ernesto Pichardo, lilikodi kiwanja Hialeah na kutangaza kwamba watajenga nyumba ya ibada, shule na makumbusho.

Madiwani wakaitisha kikao cha dharura mwezi Juni. Mwenyekiti wa baraza akauliza waziwazi wafanye nini kuzuia kanisa lisifunguliwe, kasisi wa polisi akasema dini hiyo ni chukizo kwa Bwana, na diwani mmoja alipokumbusha kwamba Cuba watu walifungwa jela kwa dini hii ukumbi ukapiga makofi. Haya yote yako kwenye kumbukumbu za mahakama. Mpaka Septemba wakawa wamepitisha sheria ndogo kadhaa, faini hadi dola 500 au jela hadi siku 60, na humo ndani huoni neno Santeria hata mara moja!

Sasa hapa ndo pa kusoma kwa makini. Walikataza kuua mnyama "bila ulazima" kwenye ibada ambayo lengo lake kuu sio chakula. Lakini kuchinja kwa Kiyahudi kukaachwa, kuwinda sawa, kuvua samaki sawa, kuua panya sawa, mbwa asiyetakiwa akichomwa sindano afe sawa, hata mfugaji mdogo anayechinja nguruwe au ng'ombe wachache kwa wiki akapewa nafasi yake. Walisema wanalinda afya ya umma, mbona muwindaji anaruhusiwa kupeleka nyama nyumbani bila mkaguzi? Ukiwatoa wote hao anabaki nani? Anabaki muumini wa orisha peke yake.

Kanisa lilishindwa mahakama ya kwanza, likashindwa rufaa, halafu tarehe 11 Juni 1993 majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu wakasema sheria zile ni batili. Jaji Anthony Kennedy ndo aliandika hukumu. Nikiwa Muislamu niliyekua naona mbuzi wa akika na wa Idd wanachinjwa uani, nikisoma maneno yale "lengo kuu sio chakula" nahisi kabisa kisu kingeweza kunigeukia mimi, kwa sababu sisi pia tunakula ile nyama lakini hatuchinji kwa ajili ya njaa.

Kitu ambacho wengi hawakijui, majaji hawakukubaliana kuhusu yale matusi ya kikaoni. Baadhi walisema nia ya diwani sio kazi ya mahakama kuipima. Wengi wao waliungana kwenye maandishi yenyewe na jinsi yanavyofanya kazi, nani anakamatwa na nani anaachwa. Kwa hiyo jamii yako ikiletewa sheria ndogo ya namna hii usihangaike kwanza kutafuta nani kawatukana, ichukue usome misamaha, hesabu walioruhusiwa kufanya kitu kilekile mnachokatazwa nyinyi, orodha hiyo mpelekee wakili.

Na hukumu ya 1993 haikumaliza kazi. Mji wa Euless, Texas, ulimkataza kuhani wa Santeria kuchinja mbuzi nyumbani kwake, ambako alikuwa akichinja kwa ibada miaka 16. Ilibidi na yeye aende mahakamani, na akashinda kwenye rufaa mwaka 2009.