London hadi Tokyo: kilomita 9,591, lakini ni saa ngapi?

Ukiweka rula kwenye ramani ya ukutani kati ya London na Tokyo, mstari unakatiza Kazakhstan na China, na urefu wake halisi ni kama kilomita 11,300. Ndege haina haja ya kufuata mstari huo. Chukua globu, ukaze uzi baina ya miji hiyo: utapanda Skandinavia, ufike karibu latitudo 71 Kaskazini, uvuke Siberia ndipo uteremke Japani. Hiyo ndiyo njia fupi, kilomita 9,591 kutoka uwanja wa Heathrow hadi Haneda.

Kuikokotoa si kazi. Zidisha sini (kitufe cha sin kwenye kikokotoo) za latitudo za viwanja hivyo viwili. Zidisha kosini (kitufe cha cos) za latitudo hizo kwa kosini ya tofauti ya longitudo. Jumlisha majibu mawili, tafuta pembe yenye kosini hiyo, kisha uizidishe kwa 6,371, nusu kipenyo cha dunia kwa kilomita. Wengi hukosea hapo mwisho: pembe lazima iwe kwa radiani (kipimo kingine cha pembe), si kwa nyuzi (digrii). Jibu likija katika mamia ya maelfu, ujue umezidisha nyuzi.

Sasa muda. Ndege kubwa huenda kama kilomita 900 kwa saa ikiwa angani, kwa hiyo gawanya: saa 10 na dakika 40. Ongeza nusu saa au zaidi ya kutembea uwanjani, kupaa na kushuka. Tovuti nyingi za kukokotoa huishia hapo, na hapo ndipo zinapopotosha, kwa sababu ya upepo. Kati ya kilomita 9 na 12 juu kuna mkondo wa upepo uvumao kuelekea mashariki, mkali zaidi majira ya baridi. Upepo wa nyuma wa kilomita 100 kwa saa unakupa saa 9 na dakika 35; wa mbisho wa kasi hiyohiyo, saa 12.

Tena kuna siasa. Tangu Februari 2022 mashirika ya Uingereza hayaruhusiwi kupita anga ya Urusi, na ya Japani nayo yanaikwepa. Safari ya takriban saa 12 sasa inakaribia 14. Ndege huzunguka kupitia Asia ya Kati, au Alaska na Greenland. Hii ya pili ina akili yake: anayetoka Tokyo kwenda London kupitia Alaska huanza safari kwa kuelekea mashariki, upepo ukimsukuma.

Kwenye tiketi, muda wa kuondoka ni wa London, wa kufika ni wa Tokyo. Ukiondoka Januari 10:00 (saa nne asubuhi, si saa kumi!) kwa safari ya saa 13 na dakika 45, London itakuwa 23:45, ongeza saa 9, unatua 08:45 kesho yake. Julai ongeza 8 tu, maana Uingereza husogeza saa mbele na Japani haisogezi.